Kabla ya kuzika: mtoto anapopigwa risasi na polisi Uganda

Kiswahili cha Uganda kimeishi muda mrefu midomoni mwa watu wenye bunduki. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Kwa watu wengi, hata hivyo, kimebaki lugha ya gwaride, ya kizuizi cha barabarani na ya operesheni ya usiku. Mtoto wa Bwaise, Kampala, huenda hajui kuitikia "marahaba", ila "simama" na "kaa chini" ameshazisikia. Mtoto wa Kaliro au Kisoro huenda hata hizo hajawahi kuzisikia.

Naanza na lugha kwa sababu sheria inamtaka askari aonye kabla ya kufyatua, na onyo lisiloeleweka na anayeonywa si onyo. Hili halijadiliwi sana mahakamani, na lingepaswa kujadiliwa. Askari aliyezaliwa Arua akimpigia kelele kwa Kiswahili mtoto wa miaka 9 anayesema Lusoga, kisha mtoto akakimbia, ripoti itaandikwa kwamba "alikaidi amri". Mtoto hakukaidi kitu. Alisikia sauti kubwa ya mtu mwenye bunduki akafanya afanyalo mtoto yeyote: akakimbilia nyumbani.

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Polisi ina kifungu kuhusu matumizi ya silaha, cha 28 kwa hesabu ya zamani. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 lilibadilisha nambari nyingi za vifungu na sura, kwa hiyo ukiandika barua rasmi angalia kwanza nambari ya sasa. Kifungu kinataja watu wa aina tatu tu: aliyeshtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai akatoroka kizuizini, anayetumia nguvu kumtoa mwingine kizuizini, na anayetumia nguvu kuzuia kukamatwa kwake au kwa mwenzake. Hata hao hawapigwi ovyo. Lazima askari awe na sababu za msingi za kuamini kwamba hakuna njia nyingine, awe ameonya na onyo limepuuzwa, na pawepo hatari ya mtu kuumizwa vibaya. Juu ya hayo, risasi inakusudiwa kumlemaza mtu kadiri inavyowezekana, si kumuua.

Sasa mtafute humo mvulana wa miaka 15 aliyenyakua simu Kisenyi akatoka mbio. Hayumo. Hajashtakiwa, hajahukumiwa, hajatoroka kizuizini, na kukimbia si kutumia nguvu. Mtafute pia mwanafunzi aliyerusha jiwe likaanguka mita 40 kutoka kwa askari mwenye ngao na kofia ya chuma. Naye hayumo, labda mtu athibitishe kwamba jiwe lile lilikuwa karibu kumvunja mtu kichwa.

Kuna hesabu nyingine inayonisumbua zaidi. Sheria ya Watoto inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai kabisa. Mwenye miaka 12 hadi 17 kwa kawaida hushtakiwa katika Mahakama ya Familia na Watoto, na hahukumiwi kifo kwa kosa lolote. Hata akipatikana na hatia ya kosa ambalo mtu mzima angenyongewa, kifungo chake hakizidi miaka 3. Yaani mtoto aliyeua, mbele ya hakimu, atakaa Kampiringisa, kituo cha serikali cha kurekebisha watoto, miaka 3 kisha arudi kwao. Mtoto aliyeiba kuku, mbele ya mtutu, anaweza kupewa adhabu ambayo hakuna jaji wa Uganda mwenye mamlaka ya kuitoa.

Kwa miaka mingi polisi walikuwa na kinga nyingine. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Polisi kilisema kwamba mkusanyiko ukiamriwa kutawanyika na watu wakapinga, afisa aliyetumia nguvu za kadiri hatawajibika hata akimuumiza au kumuua mtu. Mahakama ya Katiba ilikifuta mwaka 2019. Lakini mwaka uliofuata, Novemba 2020, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi (Bobi Wine) kukamatwa Luuka na maandamano kuzuka, waziri wa usalama wa wakati huo, Jenerali Elly Tumwine, alisema hadharani kwamba polisi wana haki ya kumpiga mtu risasi na kumuua akifikia kiwango fulani cha vurugu. Serikali yenyewe ilitaja watu 54 waliokufa kwa siku zile mbili, tarehe 18 na 19. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka 15 aliyekuwa katikati ya Kampala na mama yake. "Kiwango fulani cha vurugu" hakimo katika sheria yoyote ya Uganda. Kipimo kilichomo ni hatari kwa uhai au kwa mwili wa mtu, hapo hapo, na askari ndiye anayepaswa kuieleza.

Risasi haipotei

Taarifa za polisi zina msamiati wake. "Kijana" badala ya mtoto, kwa sababu kijana anaweza kuwa wa miaka 14 au 34. "Mhalifu" kabla ya kesi. Na lile ninalolichukia kuliko yote: "risasi iliyopotea".

Bunduki ya kawaida mikononi mwa polisi wetu ni ya aina ya AK, yenye risasi ya milimita 7.62 na magazini ya risasi 30. Risasi hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde na inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Mabati haiyajui. Ukuta wa udongo na fito haiujui. Mlango wa mbao huupita na kuendelea na safari. Katika Katwe au Kamwokya, ambako nyumba zimebanana hata mtu na jirani wanasikilizana wakikohoa, anayefyatua kwa usawa wa kifua anafyatua ndani ya vyumba vya watu. Anayefyatua juu "kutisha" naye anasahau kwamba kilichopanda kitashuka. Risasi inayoanguka kutoka angani huwa imepunguza kasi sana, lakini bado inaweza kutoboa fuvu, na fuvu la mtoto ni jembamba kuliko la mtu mzima. Masaka, Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini, aliyeuawa kwa risasi alikuwa mtoto wa miaka 2. Risasi kama hiyo haikupotea. Ilikwenda ilikoelekezwa, na aliyeielekeza alijua kwamba mbele yake kuna makazi ya watu.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaruhusu kuua kwa makusudi pale tu ambapo hakuna namna nyingine ya kuokoa uhai. Zinamtaka pia afisa ajitambulishe, aonye na atoe muda wa onyo kufuatwa. Risasi ya hewani katikati ya mtaa wa mabanda haiwezi kuhesabiwa kuwa onyo, maana yenyewe ndiyo hatari.

Mwili wa mtoto nao una hesabu zake. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Mtoto wa miaka 6, kilo 20, ana lita moja na nusu. Akimwaga chupa ya soda ya nusu lita amepoteza karibu theluthi ya damu yote aliyo nayo. Linalowadanganya watu ni kwamba mishipa ya mtoto hujibana vizuri sana, hivyo presha inaweza kubaki ya kawaida mpaka anapofika kwenye theluthi hiyo, kisha ikaporomoka ghafla. Watu husema "alikuwa anaongea vizuri tu, mara akazimika". Usingoje azimike. Tazama viganja, midomo na ndani ya kope kama vimepauka. Shika mikono uone kama ni ya baridi. Sikiliza kama anapumua harakaharaka, kama anasinzia au hajibu anapoitwa.

Jeraha la mkono au mguu, kandamiza kwa kitambaa kwa uzito wako wote, bila kufunuafunua kuchungulia. Damu ikiendelea kuruka, funga mkanda au kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka jerahani, si juu ya kiungo. Kaza kwa kijiti mpaka damu ikome, andika saa, na usilegeze tena mpaka hospitali. Risasi iliyo ndani iache. Usimpe maji wala chai. Boda ni ya haraka lakini mtoto aliyezimika hukunjika shingo katikati ya watu wawili. Likipatikana gari lolote, alazwe.

Na fomu isingojwe. Fomu ya Polisi 3, ambayo watu huiita PF3, ni ya ushahidi mahakamani. Si kibali cha kutibiwa. Ni ya bure, na itajazwa hata kesho yake. Watoto wamecheleweshwa kwenye vituo kwa sababu mtu anaona aibu kuomba karatasi kwa wale wale waliofyatua, au anaambiwa afande mwenye funguo hayupo. Hospitali kwanza. Kituo baadaye, na si lazima kiwe kile kile.

Mgomo wa shule

Hapa walimu wakuu wanisikilize, maana mara nyingi ndio wanaopiga simu. Wanafunzi wa bweni wamegoma kwa sababu ya posho (ugali) mbovu, wamevunja vioo, na mkuu anaita polisi usiku. Kinachokuja ni pikapu yenye askari sita wenye AK na mabomu ya machozi, wasiojua ramani ya shule, kukabiliana na watoto 800 gizani.

Kopo la gesi hufanya kazi kwa kuungua. Ni la moto wa kutosha kuwasha godoro. Bweni la Uganda lina nondo madirishani na mara nyingi mlango mmoja, na nchi hii inajua nini hutokea hapo moto ukiingia: Aprili 2008 bweni la shule ya msingi ya Buddo liliteketea na kuua takriban wasichana 20. Ule haukuwa moto wa polisi, lakini mlango ni mlango. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hutanda chini, kimo cha mtoto, na mtoto hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima. Kopo likifyatuliwa moja kwa moja kwa usawa wa kichwa huua bila hata kuhitaji gesi.

Kwa hiyo ukipiga simu, sema umri wa wanafunzi, idadi yao, kwamba hawana silaha, na mabweni yako wapi. Omba maafisa wa kitengo cha ulinzi wa familia na watoto, nao wapo karibu kila wilaya. Fungua mageti yote kabla polisi hawajafika, maana kundi lisilo na pa kutokea hurudi lilikotoka, na huko ndiko waliko askari. Mlinde mlangoni mwa bweni mwalimu anayejua majina. Na kama kinachovunjwa ni vioo tu, jiulize kama unahitaji bunduki au unahitaji wazazi na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Saa za kwanza baada ya kifo

Kesi nyingi za watoto waliouawa hazifi mahakamani. Hufa kati ya barabara na kaburi. Waislamu huzika siku hiyo hiyo au kesho yake. Buganda nako watu wamezoea kuambiwa "mazishi kesho saa kumi". Mabugo, yaani michango ya msiba, yanachangwa, hema linasimamishwa, na mwili unashuka ardhini ukiwa na ushahidi wote.

Zikeni, lakini mwili upite mochwari kwanza. Uchunguzi wa maiti huombwa na polisi kwa Fomu ya Polisi 48, na daktari hujaza matokeo kwenye fomu hiyo. Kampala mwili hupelekwa mochwari ya Mulago, ambako kuna wataalamu wa kazi hiyo. Wilayani mara nyingi anayefanya ni daktari wa kawaida wa hospitali, mwenye foleni ya wagonjwa inayomsubiri, na ndiko makosa hutokea. Huandika "jeraha la risasi kifuani" na kutia sahihi. Hiyo haitoshi. Inatakiwa ieleweke risasi iliingilia wapi na kutokea wapi, kwa sababu mtoto aliyepigwa mgongoni hakuwa akimshambulia mtu. Inatakiwa eksirei kabla ya kupasua, risasi au vipande vyake vikiwa bado ndani. Inatakiwa maelezo ya ngozi kuzunguka tundu: kuungua, masizi au madoa ya baruti huonyesha kwamba mtutu ulikuwa karibu. Familia iombe daktari wake ahudhurie. Itifaki ya Minnesota ya 2016, mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu vifo vya namna hii, inaiunga mkono haki hiyo. Na iombe nakala ya fomu, au angalau ipige picha kila ukurasa. Nikiambiwa nichague karatasi moja tu ya kuokoa katika faili lote, ni hiyo.

Kama mmeshazika, hakimu anaweza kuamuru mwili ufukuliwe. Ni mzigo mkubwa kwa mama, na kila wiki inayopita huondoa kitu: masizi hupotea mapema, mifupa na chuma hukaa.

Nguo. Watu wa rehema huzifua. Tafadhali zisifuliwe. Zianikwe kivulini zikauke, kila moja peke yake, kisha zifungwe kwenye karatasi au bahasha ya kaki. Zisitiwe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki); damu mbichi ndani ya kaveera huoza na kuua ushahidi. Andikeni juu yake tarehe, saa na jina la aliyezivua. Polisi wakizitaka, wazichukue kwa maandishi yenye sahihi, si kwa mdomo.

Mahali penyewe. Ganda la risasi lisiokotwe na watoto wa mtaani kuchezea, na wewe pia usiliokote. AK hutupa ganda upande wa kulia na mbele, mita kadhaa, hivyo lilipoangukia hueleza alipokuwa amesimama aliyefyatua. Piga picha ya mbali inayoonyesha duka, nguzo ya umeme au mti unaojulikana. Piga ya kati. Kisha ya karibu, ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane. Kama kuna tundu kwenye bati au ukuta, piga pande zote mbili. Video ya simu ibaki kwenye simu iliyoipiga. Ukiituma kwa WhatsApp kama video, hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali. Itume kama faili, au iweke kwenye flashi mbili zikae kwa watu wawili tofauti. Uso wa mtoto usisambazwe.

Nani alifyatua? Swali hili huwa gumu kwa sababu operesheni zetu ni mseto. Sare ya kaki ni polisi wa kawaida, nyeupe ni trafiki, madoadoa ya buluu ni kikosi cha kutuliza ghasia, na kijani cha jeshi huenda ikawa UPDF, jeshi la taifa, au LDU, askari wasaidizi wa mitaa. Magari ya polisi yana namba zinazoanza na UP, na pikapu nyingi zina nambari kubwa ubavuni. Shahidi asiyekumbuka sura anaweza kukumbuka rangi na nambari tatu. Aandike usiku huo huo, kwa lugha yake, si kwa Kiingereza cha kuazima. Tafsiri itafanywa baadaye.

Kisha kuna daftari ambalo mawakili wengi husahau kuliomba mapema. Kila bunduki ya kituo ina nambari, na askari huisaini kwenye ghala la silaha anapoichukua na anapoirudisha, pamoja na idadi ya risasi. Akitoka na 30 akarudi na 26, nne ziko mahali fulani. Andikeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, DPC, mkitaka kurasa za siku hiyo zihifadhiwe, na nakala iende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Barua haiwalazimishi kuwapa daftari leo. Inawazuia kusema kesho kwamba hawakujua linahitajika. Ugumu unabaki kwamba risasi itakayotolewa mwilini hupimwa na wataalamu wa polisi wenyewe, ndiyo maana mnyororo wa nani aliishika, lini, na ilifungwaje, unatakiwa kuandikwa na mtu aliye nje ya jeshi hilo.

Kituoni, ombeni nambari. Tukio lililoandikwa kwenye kitabu cha kituo lina nambari ya SD. Jinai iliyofunguliwa rasmi ina nambari ya CRB. Kifo kinaweza pia kuwekwa kwenye faili la uchunguzi wa jumla, GEF, linalotumika kwa mambo kama vifo vya ghafla visivyo na mtuhumiwa, na huko kesi ya risasi inaweza kulala miaka. Mkiambiwa "faili lipo", ulizeni lipi. Tundu la risasi mgongoni halistahili GEF.

Na umri uthibitishwe. Polisi wakiandika "mwanamume wa miaka 20 hivi", linalofuata lote litaandikwa kwa mwanamume wa miaka 20. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, ripoti ya shule: chochote kimoja, nakala yake iingie kwenye faili wiki ya kwanza.

Itakuja pia bahasha ya rambirambi, pengine na jeneza na gunia la mchele, imeletwa na ofisa au mwanasiasa. Kupokea au kutopokea ni shauri la ukoo. Ila karatasi ya kutia sahihi isomwe na mtu anayejua sheria kabla ya kalamu kushuka. Mauaji hayasuluhishwi kwa pesa; jinai ni ya serikali, na msamaha wa familia hauifuti. Wenye kuleta karatasi hizo hutegemea kwamba hamjui hilo.

Mlango upi

Ndani ya polisi kuna Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma, PSU, kinachopokea malalamiko dhidi ya maafisa. Peleka, upate nambari, lakini usitegemee peke yake: ni ndugu anayemchunguza ndugu. Kenya, tangu sheria ya 2011, ina IPOA, chombo cha kiraia kinachochunguza vifo mikononi mwa polisi. Mvulana wa miaka 13 alipopigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, Nairobi, Machi 2020, IPOA ilichunguza, na ndani ya miezi michache afisa akashtakiwa kwa mauaji. Uganda haina chombo cha namna hiyo. Kwa maoni yangu pengo hilo lina madhara kuliko upungufu wowote ulio katika vifungu vya sheria.

Tunayo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba, yenye mamlaka ya mahakama katika mashauri yake na uwezo wa kuamuru fidia. Haitozi ada, ina ofisi mikoani, na malalamiko hupokelewa ndani ya miaka 5 tangu tukio. Jambo la kuangalia: haigusi shauri ambalo tayari liko mahakamani. Ukikimbilia mahakama kwanza, mlango huo umejifunga. Fidia zake zenyewe huchelewa kulipwa, wakati mwingine kwa miaka.

Mahakamani, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaruhusu kesi ndani ya miaka 10, na inamfanya afisa aliyevunja haki awajibike yeye binafsi, si serikali pekee. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali ina muda mfupi zaidi, miaka 2, na kwa desturi hutanguliwa na notisi ya siku 45. Kwa mtoto aliyejeruhiwa akapona kuna mtego: wengi hudhani muda utaanza kuhesabiwa akifikisha miaka 18, kumbe sheria ya ukomo haimpi nafuu hiyo mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa mzazi. Mzazi afungue kesi mapema.

Ipo pia njia ya mashtaka binafsi, mwananchi kufungua jinai mwenyewe mbele ya hakimu. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuichukua kesi hiyo, lakini Katiba, ibara ya 120, inamtaka apate ridhaa ya mahakama kabla ya kuifuta. Ndipo ile Fomu 48 iliyopigwa picha kurasa zote, na nguo zilizokaushwa kivulini, zinapowekwa mezani, kwa sababu hakimu huyo hatakuwa na faili la polisi la kusoma.